Magongo ya daraja la chini ni dawa kwa wanawake wa Nakuru

Juma hili sitakueleza juu ya homa wala maumivu ya tumbo. Ningependa tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu hapa Nakuru tunaujua nusu tu, yaani mpira wa magongo wa wanawake unaochezwa ndani ya ukumbi. Pengine utauliza mchezo huo umeingiaje katika ukurasa wa afya. Naomba unipe nafasi nikueleze.

Miaka kumi na miwili hivi iliyopita, msichana wa kidato cha tatu aliletwa kwangu na mamake. Alikuwa akicheza katika timu ya magongo ya shule yake, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba baada ya mechi. Nilimpima, nikaridhika kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala kano iliyokatika, nikamwandikia dawa ya maumivu. Wakiwa wamefika mlangoni mama aliuliza, "Daktari, kweli aendelee na mchezo huu?" Foleni nje ilikuwa ndefu. Nikajibu, "Aache." Sikusema aache kwa muda gani. Sikumwonyesha mazoezi ya kuimarisha goti. Sikumwambia arudi nimtazame tena baada ya majuma matatu.

Aliacha kabisa. Tulipokutana tena alikuwa mwanamke wa miaka 28, mama wa watoto wawili, akiuza nguo mjini. Nilimpima shinikizo la damu nikapata 158 kwa 98. Uzani wake ulikuwa umepanda sana. Nilipoanza kumhimiza afanye mazoezi alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Lakini daktari, si wewe uliyeniambia niache?"

Sikuwa na jibu. Siwezi kudai kwamba presha yake ilitokana na neno langu moja, kwa maana presha ina vyanzo vingi, kuanzia urithi wa ukoo hadi chumvi tunayoitia mezani. Hata hivyo najua kwamba nilimwondolea msichana huyo kitu alichokipenda, nisimpe kingine badala yake. Makala haya ni sehemu ya deni langu kwake.

Maradhi ya kuacha

Mchukue msichana yeyote aliyesoma katika shule zetu za upili. Kwa miaka mingi mpira wa magongo umekuwa miongoni mwa michezo ya muhula wa kwanza, na majina ya shule kama Tigoi, Sinyolo, Misikhu, Nyamira na St. Joseph's Kitale yanajulikana na kila anayefuatilia mchezo huo. Kila mwaka mamia ya wasichana hukimbia na magongo yao kutoka kiwango cha kaunti ndogo hadi cha taifa. Kisha mtihani wa kidato cha nne hufika, na siku hiyo ndiyo huwa mwisho wa mchezo kwa wengi wao.

Wale wachache wenye kipawa cha pekee hupata nafasi katika vyuo vikuu au katika klabu kubwa za Nairobi. Tumejivunia timu ya wanawake iliyojulikana kwa miaka mingi kama Telkom Orange, baadaye Blazers, ambayo imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Lakini timu moja ya mabingwa haiwezi kuwapokea wasichana wote. Je, yule aliyekuwa mchezaji wa kawaida tu, wa akiba labda, anayeishi leo Kaptembwo, Free Area au Section 58, aende wapi?

Haendi popote. Hukaa dukani, ofisini au nyumbani, na baada ya miaka kumi tunakutana naye katika vyumba vyetu vya matibabu.

Takwimu zinathibitisha jambo hili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzani uliozidi kiasi, ikilinganishwa na wanaume chini ya 2 kati ya 10. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba asilimia 31 ya watu wazima ulimwenguni hawakuwa wakifanya mazoezi ya kutosha mwaka 2022, na kwamba wanawake walikuwa nyuma ya wanaume.

Usinielewe vibaya. Mwanamke wa Nakuru si mvivu. Anaamka kabla ya jogoo na kulala wa mwisho. Lakini kazi ya kusimama jikoni au kuketi kwenye kibanda tangu asubuhi hadi jioni huchosha mwili bila kuuchangamsha moyo. Moyo na mapafu huhitaji mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu, mara kwa mara, juma baada ya juma.

Mchezo wenyewe

Mpira wa magongo wa ukumbini ulikuzwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1950. Wachezaji wa huko walikuwa na taabu moja: majira ya baridi yalipofika, viwanja viliganda na hakuna aliyeweza kucheza nje. Basi wakaingia ndani ya kumbi za mazoezi na kuutengenezea mchezo kanuni zinazolingana na nafasi ndogo.

Kila timu huwa na wachezaji 6 tu uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Uwanja una urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Kila upande kuna mbao nyembamba zenye kimo cha sentimita 10, ambazo huurudisha mpira ndani, hivyo mchezo hausimami ovyo. Mechi ina vipindi 4 vya dakika 10 kila kimoja. Wachezaji hubadilishwa wakati wowote na mara nyingi wapendavyo, kwa hiyo aliyechoka hutoka, akapumua, akarudi.

Jambo linalonifurahisha zaidi mimi kama daktari ni hili: katika ukumbi ni marufuku kuupiga mpira kwa kuinua gongo na kulitupa. Mchezaji huusukuma tu. Aidha, mpira hauruhusiwi kuinuliwa kutoka sakafuni isipokuwa mtu anapolenga goli akiwa ndani ya nusu duara. Kanuni hizo mbili huyalinda macho na meno mengi.

Daraja la chini si aibu

Sasa tufikie kiini cha maneno yangu. Kwa miaka mingi bara la Ulaya limeyapanga mashindano ya kimataifa ya wanawake ya ukumbini katika madaraja: la kwanza, la pili na la tatu. Timu za taifa zinazofanya vizuri katika daraja la chini hupanda, na zinazovuta mkia katika daraja la juu hushuka. Ujerumani na Uholanzi hushindania ubingwa juu kabisa, nao wanawake wa mataifa yasiyo na sifa kubwa katika mchezo huu hushindana huko chini.

Mashindano hayo ya daraja la chini hayajazi viwanja. Hayatangazwi sana magazetini. Wengi wa wanaocheza hawalipwi mshahara wa mpira. Ni wanafunzi na wanawake wenye kazi zao, wanaoomba ruhusa ya siku chache ili waende kuwakilisha nchi. Lakini kwa sababu daraja hilo lipo, kuna sababu ya kufanya mazoezi jioni ya Jumanne mvua ikinyesha. Chini ya timu hiyo ya taifa kuna ligi ya nchi, chini yake kuna klabu za miji, na chini ya hizo kuna wanawake wa kawaida wanaocheza kwa kujifurahisha. Ngazi hujengwa kuanzia chini, na kila mtu hupata kipago anachoweza kukanyaga.

Usidhani kwamba jambo hili ni la wazungu pekee. Tazama Namibia. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu wapatao milioni 3 katika nchi hiyo. Kaunti yetu ya Nakuru peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2019. Hata hivyo wanawake wa Namibia walicheza katika Kombe la Dunia la magongo ya ukumbini mjini Berlin mwaka 2018, na tena mjini Pretoria mnamo Februari 2023, kombe hilo lilipoletwa Afrika kwa mara ya kwanza. Nchi yenye watu wachache namna hiyo ilichagua mchezo unaohitaji wachezaji wachache na ukumbi mmoja, ikausimamia.

Sisi Wakenya tuna historia ya kutosha katika magongo. Wanaume wetu walimaliza wa nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Lakini kosa letu, katika michezo kama katika mambo mengine, ni kumthamini bingwa na kumsahau mwingine yeyote. Tukimwona mtoto hafiki daraja la juu, twamwambia akae. Katika udaktari hilo ni kosa kubwa, kwa sababu faida za mazoezi kwa moyo hazimbagui mshindi na mshindwa. Aliyefungwa mabao sita na akakimbia dakika zote amepata dawa ileile.

Kwa nini ndani ya ukumbi?

Mtu anaweza kuuliza: Ulaya wana theluji, sisi tuna jua. Kwa nini tujifungie ndani?

Kwanza, sisi pia tuna majira yetu. Mvua ya masika inapoanza, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, viwanja vyetu vingi hugeuka matope. Kabla ya hapo, Januari na Februari, huwa ni vumbi linaloamsha pumu kwa wengi.

Pili, hapa kwetu karibu na ikweta, jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Mwanamke anayefunga duka au kutoka kazini saa kumi na moja unusu hana mwanga wa kuchezea nje. Na hata kama angekuwa nao, uwanja ulio wazi usiku si mahali pa usalama kwake. Ukumbi wenye taa, mlango na mlinzi ni jambo jingine kabisa.

Tatu, wako wanawake wasiopenda kukimbia mbele ya macho ya wapita njia. Wengine ni kwa sababu za dini na heshima, wengine wanaona haya kwa kuwa miili imenenepa. Nimewasikia wengi wakiniambia hivyo. Ndani ya ukumbi, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, haya hiyo hupungua.

Nne, kupata wachezaji 6 na wa akiba wanne ni rahisi kuliko kupata 11 na wa akiba watano. Chama kimoja cha akina mama, kanisa moja, msikiti mmoja au mtaa mmoja unaweza kuunda timu.

Hesabu ya dawa

Kila dawa ina kipimo chake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kila mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, kama vile kukimbia. Dakika moja ya mazoezi mazito huhesabiwa kama dakika mbili za wastani.

Tuseme mwanamke anacheza jioni mbili kwa juma. Kila jioni anapasha mwili moto kwa dakika 15, halafu katika mechi ya dakika 40 anakuwa uwanjani kwa dakika 25 hivi. Kwa juma amepata dakika 50 za mazoezi mazito na 30 za wastani. Hizo ni sawa na dakika 130 za wastani. Akitembea kwa haraka dakika 20 tu zaidi, badala ya kupanda bodaboda siku moja, amekitimiza kipimo cha chini.

Faida anayoipata haiko katika uzani pekee. Presha hushuka kiasi hata kama kilo hazijapungua. Sukari ya damu hudhibitika vizuri zaidi. Usingizi huwa mzito, na moyo uliojaa mawazo hupata nafuu. Mifupa nayo huimarika kwa mikimbio na misimamo ya ghafla. Ni vyema kukumbuka kwamba mifupa hufikia uimara wake wa juu kabisa mnamo umri wa miaka 30, na baada ya hapo kazi ni kuitunza. Mwanamke akikoma hedhi, mifupa hudhoofika haraka. Akiba aliyoiweka ujanani ndiyo atakayoitumia.

Majeraha na jinsi ya kuyaepuka

Sitakuficha hatari. Daktari anayesifu mchezo bila kutaja majeraha ni sawa na mwuza dawa anayeficha karatasi ya maelezo.

Goti ndilo la kwanza. Katika michezo ya kukimbia na kugeuka ghafla, wasichana hukatika kano ya katikati ya goti mara mbili au zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Sababu zinahusu umbo la mwili, nguvu za misuli na namna ya kutua baada ya kuruka. Habari njema ni kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto, yenye kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kusimama kwa mguu mmoja, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, yanaweza kupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Yanachukua dakika 15 na hayana gharama. Haya ndiyo niliyopaswa kumfundisha yule msichana.

Goti likipindika na ukasikia mlio, kisha likavimba ndani ya saa chache, acha kucheza mara moja. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana sana, inua mguu, na umwone daktari. Usikandwe kwa maji moto wala kusuguliwa kwa nguvu siku hizo za kwanza.

La pili ni meno. Kila mchezaji avae kinga ya meno. Hapa kwetu lina uzito wa pekee. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi ya floraidi, na wengi tuliokulia huku tuna meno yenye rangi ya kahawia. Pale madhara yalipokuwa makubwa, gamba la jino huwa na mashimo madogo na hubanduka kwa urahisi likigongwa. Iwapo jino zima la mtu mzima limeng'oka, lishike upande wa kutafunia, usiliguse mzizi. Lisafishe upesi kwa maji safi kidogo au maziwa, bila kulisugua, na ulirudishe mahali pake ukiweza. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa na kumkimbilia daktari wa meno. Lirudishwe ndani ya nusu saa, au saa moja usipoweza mapema zaidi.

La tatu ni mikono na miundi. Katika ukumbi gongo hushikwa chini sana karibu na sakafu, ndiyo maana wachezaji huvaa glavu mkono wa kushoto. Kinga za miundi ni za lazima. Kipa naye asisimame golini bila kofia ngumu na vazi lake kamili, hata katika mazoezi.

La nne ni kichwa. Mchezaji akigongwa kichwani, akaona kizunguzungu, akasahau yaliyotokea, akatapika au akawa kama aliyelewa, atoke na asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona. Kichwa kikizidi kuuma, au akilala na kuamshwa kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Mwisho ni sakafu. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa magoti na nyonga. Palipo na mbao ni bora. Pasipokuwa na mbao, viatu vya raba vyenye soli nene vitumike, mazoezi yaanze polepole, na sakafu ipigwe deki na kukaushwa kabisa kabla ya kucheza. Maji kidogo tu sakafuni yanatosha kuvunja kifundo cha mguu. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, iwe karibu na si nyumbani.

Damu, chai na mengineyo

Wanawake wengi wanaoniambia kuwa "hawana pumzi" hawana ugonjwa wa moyo. Wana upungufu wa damu. Hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha huwamaliza. Mtu wa namna hii akianza mchezo wa kasi huchoka upesi, akadhani kwamba mazoezi hayamfai.

Pima damu. Kula omena, nyama kidogo ukiipata, maharagwe, ndengu, terere na managu. Ongeza chungwa au limau wakati wa chakula, kwani husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Na chai, ambayo sisi watu wa Bonde la Ufa tunaipenda mno, usiinywe pamoja na mlo. Huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngoja saa moja au mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake hunieleza kwa kunong'ona: mkojo huwatoka wakikimbia au kuruka, hasa baada ya kujifungua. Wengi huacha michezo kwa sababu hiyo, na hawamwambii mtu. Dada yangu, hali hii ni ya kawaida na mara nyingi inatibika kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yale ya kukaza kama unayezuia mkojo, ukahesabu hadi kumi, ukalegeza, ukarudia. Yafanye mara tatu kila siku kwa miezi mitatu. Usipoona nafuu, zungumza na daktari au mkunga.

Aliyejifungua asirudi kwenye mchezo wa kukimbia kabla ya miezi mitatu hivi, na hata wakati huo aanze kwa kutembea. Mja mzito asicheze mchezo wa gongo na mpira mgumu. Kutembea na mazoezi mepesi yanamfaa zaidi.

Aidha, kabla ya kuanza, mwone daktari au muuguzi kwanza ikiwa una maumivu ya kifua unapofanya kazi, ikiwa umewahi kuzirai, ikiwa jamaa yako wa karibu alikufa ghafla akiwa kijana, au ikiwa una kisukari. Kila mwenye umri uliopita miaka 35 apimwe presha. Ikiwa ni 160 kwa 100 au zaidi, idhibitiwe kwanza kwa dawa, kisha uingie uwanjani. Presha si kibali cha kuketi maisha yako yote.

Ninayopendekeza

Msomaji wangu, mambo ninayoyaomba si makubwa.

Naomba wasimamizi wa kumbi zetu, za umma, za makanisa na za shule, watoe jioni mbili kwa juma kwa ajili ya wanawake. Kumbi nyingi hujaa harusi Jumamosi na hukaa tupu Jumanne na Alhamisi. Mbao za pembeni fundi yeyote wa jua kali anaweza kuzitengeneza. Ukumbi ukiwa mdogo kuliko vipimo rasmi, wachezwe wanne kwa wanne.

Naomba shule zilizo na magongo ya zamani katika stoo ziwakopeshe wahitimu wao. Naomba walimu wa michezo wawaandikie wasichana wa kidato cha nne majina na namba za simu kabla hawajatawanyika, ili ajulikane nani yuko Njoro, nani Gilgil, nani Molo.

Naomba ianzishwe ligi ndogo yenye madaraja mawili: la juu kwa wanaotaka ushindani, na la chini kwa wanaotaka kupumua tu. Anayeshushwa asichekwe. Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji halijengwi kwa barabara na majumba pekee. Linajengwa pia kwa mahali ambapo muuza nguo wa miaka 28 anaweza kukimbia jioni bila woga.

Wewe mume au kaka unayesoma makala haya, kubali kukaa na watoto jioni hizo mbili. Ni saa moja na nusu tu. Dawa za presha hunywewa kila siku, mara nyingi maisha yote, na bei yake unaijua.

Na madaktari wenzangu, tujihadhari na neno "acha". Ni rahisi kulitamka foleni ikiwa ndefu. Tunapolazimika kulitumia, tuseme muda wake, na tumwambie mgonjwa atarudi vipi.

Yule mwanamke tulikubaliana atembee kwanza kwa majuma manane, apunguze chumvi, na ameze dawa zake. Goti lake nimelipima upya. Halina tatizo lolote, na nadhani halikuwa nalo tangu majuma machache baada ya siku ile ya kwanza. Mwisho wa mazungumzo aliniuliza, "Sasa daktari, kule kuna timu ya watu kama mimi?" Nilimwambia bado. Nisingependa kumjibu hivyo tena mwakani.